Ng'ombe wa Nundu Warudi Ndanai

Hii ni wiki ya sita niko nyumbani tangu nistaafu, na bado naamka saa kumi na moja alfajiri kama mtu anayengojewa mahali. Wenzangu wa ofisi ya mifugo waliniomba niandike machache kwa ajili yenu mnaoanza kazi. Walisema kurasa mbili tatu. Sitaandika juu ya vyeo, maana vilikuwa vichache, wala juu ya mshahara, kwa sababu hiyo hiyo. Nitaandika juu ya ng'ombe, na juu ya watu waliokuwa wameshika kamba upande wa pili.

Kwanza, mjue kwamba watu watawaita daktari. Mimi si daktari. Nilisomea cheti cha miaka miwili, nikapewa gambuti, koti la bluu na glavu zinazofika begani, nikatumwa kupandisha ng'ombe kwa mrija wa mbegu za dume. Siku ya kwanza nilijaribu kumsahihisha mtu. Akaniambia, "Sawa, daktari." Sikurudia tena.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Owuor. Alikuwa ametoka upande wa ziwa akiwa kijana, akafanya kazi Kericho mpaka nywele zikawa nyeupe, na aliongea Kikipsigis vizuri kuliko watoto wetu wa siku hizi. Alikuwa na pikipiki ya serikali ambayo ilikubali kuwaka kwake peke yake. Nyuma tulifunga mtungi wa naitrojeni wa kugandishia mbegu kwa mpira, nami nikakaa katikati ya Mzee na mtungi, nikiogopa vyote viwili.

Boma la kwanza lilikuwa Sigowet. Mwenye ng'ombe alinitazama kuanzia buti hadi kitambaa cha kichwa, kisha akamuuliza Mzee Owuor, "Huyu mama ni wa kuandika ama ni wa kufanya?"

"Ni wa kufanya," Mzee akajibu. "Mimi ndio wa kuandika." Akatoa kalamu mfukoni, akaketi juu ya kisiki.

Nilivaa glavu. Ng'ombe alinipiga teke moja la goti na mkia mmoja wa macho, lakini nilipata shingo ya kizazi mahali ilipokuwa kwenye vitabu, nikamaliza. Mwenye ng'ombe akamfungua kamba. Baada ya miezi mitatu alituma ujumbe ofisini kwamba ng'ombe ameshika mimba, na kwamba akihitaji tena aletewe yule mama. Hiyo ndiyo sherehe pekee ya kuajiriwa niliyowahi kufanyiwa.

Mzee Owuor hakupenda maneno mengi, ila kila siku alinipa jambo moja. Ng'ombe akionekana na joto la kutaka dume asubuhi, mpandishe jioni. Akionekana jioni, ngoja asubuhi. Maji ya kuyeyushia mrija usiyapime kwa kidole, kwa sababu kidole cha mtu aliyetoka kwenye baridi ya Kericho ni mwongo. Usimwamini mtu anayesema ng'ombe wake hapigi teke. Na lile alilolirudia zaidi: "Rael, usipandishe picha. Pandisha ng'ombe aliye mbele yako."

Sikulielewa mpaka mwaka wa pili. Mzee Owuor alikuwa likizo, na mtu mmoja karibu na Kaplong aliniita kwa mtamba mdogo wa kienyeji. Alikuwa ameona kwenye kitabu cha madume picha ya Friziani mkubwa kama kabati. Akataka huyo, na mimi nikampa huyo. Miezi tisa baadaye nilikuwa nimepiga magoti kwenye matope ya boma lake, mimi na wanaume wanne, tukivuta. Ndama alitoka amekufa. Mtamba hakusimama tena. Nilimwomba mwenyewe msamaha, naye akasema mimi ni mtu wa serikali tu, sikujua. Ningependelea anitukane.

Hayo ni makosa ya mtu mmoja. Yako makosa mengine ambayo mtu huyafanya pamoja na ofisi nzima, na hayo huitwa mpango.

Miaka ile mpango ulikuwa kuondoa ng'ombe wa nundu. Tulikwenda kwenye mabaraza, tukaeleza: ng'ombe wa kienyeji ni wadogo, maziwa yao ni kikombe, wanakula nyasi bure. Madume ya kienyeji yahasiwe yasiharibu mbegu, na majike yapandishwe gredi, mbegu ya ng'ombe wa Kizungu. Tulikuwa na burdizo, lile koleo kubwa linaloponda mshipa wa mapumbu bila kupasua ngozi. Unashika mshipa mmoja, unausukuma pembeni, unabana, unahesabu polepole, unaachia. Kisha upande wa pili. Kazi ni safi, haina damu, na kwa sababu haina damu ni rahisi kusahau kwamba umefanya jambo kubwa. Nilikuwa na mkono mzuri. Siku moja kule Ndanai nilihasi madume kumi na tisa kabla ya chakula cha mchana.

Siku hiyo bibi mmoja aliyekuwa amesimama kando na kibuyu chake cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, aliniuliza, "Na hawa wageni wakifa, tutarudi kwa nani?"

"Kogo," nikamjibu kwa heshima, kama tunavyowaita nyanya zetu, "hawatakufa."

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba na nilikuwa na chati.

Msinielewe vibaya. Friziani si ng'ombe mbaya. Huko juu penye chai, kwenye baridi, mahali mtu ana majani ya kukata na josho linalofanya kazi, ng'ombe wa gredi amesomesha watoto wengi, wakiwemo wangu. Lakini Ndanai iko chini, jua ni kali na kupe ni wengi. Sisi tulibeba chati moja tukaipeleka kila mahali.

Basi miaka ikaenda. Mzee Owuor alistaafu, akarudi kwao. Pikipiki ilikataa kuwaka siku iliyofuata, nikapewa nyingine. Nilipandisha ng'ombe wa watu, kisha wa watoto wa watu wale wale.

Kirui alikuja ofisini Jumanne moja asubuhi, akangoja kwenye benchi mpaka watu wakaisha. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mpole, mwenye makovu ya moto mikononi. Alikuwa mtu wa boila katika kiwanda cha chai kwa miaka kumi na minane, mpaka kiwanda kikapunguza watu. Akarudi Ndanai kwenye shamba la marehemu baba yake, akaanza na ng'ombe watatu wa gredi kama kila mtu. Wote watatu walikufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, ndani ya mwezi mmoja. Mimi ndiye niliyewatibu, kwa hiyo hakuhitaji kunieleza.

"Daktari," akasema, "nataka kuanza upya. Nataka wale wa nundu. Wale wa zamani kabisa, wasiochanganywa."

"Wa nini?"

"Wa kufuga na familia yangu."

"Kirui, hao watakupa kikombe cha maziwa."

"Na wale wengine walinipa makaburi matatu."

Nilimweleza kwa lugha ya ofisi kwamba huo ni upumbavu. Nikamshauri achanganye, nusu gredi nusu kienyeji. Alisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na adabu, kisha akauliza, "Sasa wako wapi?"

Nilifungua mdomo kumjibu, nikaona sijui. Kwa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa nimelipwa kuhakikisha kwamba hawapo.

Nilikubali kumsaidia kutafuta. Nilijiambia ni siku moja tu ya Jumamosi. Ilipofika alikuja na pikapu ya kuazima, na mbele ameketi mama yake, Kogo Tapsubei. Nilimtambua kabla sijafika mlangoni. Nikamsalimu, "Chamgei, Kogo." Akaitikia vizuri, akaninyooshea mkono, na akiwa bado ameushika wangu akasema, "Uliniambia hawatakufa."

"Ndiyo, Kogo."

"Ingia basi. Kuna nafasi."

Hakulitaja tena jambo hilo. Nimewahi kufanyiwa uchunguzi na wakubwa watatu kutoka Nairobi, na haukunichosha kama sentensi ile.

Tulitafuta Jumamosi nyingi. Tulikwenda mabomani, tukaenda minadani, tukavuka hadi upande wa Transmara. Mimi niliangalia mwili: nundu iliyosimama imara, ngozi inayoning'inia shingoni, kwato ndogo ngumu, chuchu fupi, manyoya mafupi yanayong'aa ambayo kupe hawayapendi. Kogo hakuangalia sana. Aliuliza ukoo. Ng'ombe huyu mama yake ni nani, alitoka wapi, aliletwa kwa mahari ya bibi harusi gani. Mwenye ng'ombe akianza kusitasita, Kogo alikuwa tayari amegeuka kurudi kwenye gari.

Kule karibu na Sondu tulimpata mmoja mzuri sana, mwekundu, nundu kama ngumi. Mimi nilikwishatoa daftari. Kogo akamzunguka mara moja, akasema, "Huyu ana shangazi Mzungu."

Mwenyewe akacheka, akakiri. Nyanya ya yule ng'ombe alikuwa amepandishwa kwa mrija. Nilifunga daftari. Sikuuliza ni nani aliyempandisha.

Mwisho tulipata majike watano: wawili wekundu, mmoja mweusi, mmoja wa madoadoa na mmoja wa rangi ya majivu aliyekuwa amezeeka lakini bado anashika mimba. Kirui aliwajengea boma la miti, akagawa shamba vipande vinne kwa ua ili nyasi ipumzike. Aliwapa chumvi, akawang'oa kupe kwa mkono kila asubuhi. Alifanya mambo yake kama mtu wa boila. Kila kitu kwa saa yake.

Dume ndilo lililotushinda. Mirija ya ng'ombe wale haikuwepo kwenye mtungi wangu. Hakuna aliyewahi kufikiria kuihifadhi. Tulipita kila mahali, tukapata machotara. Jike wa majivu aliingia joto mara mbili, akapita hivyo hivyo.

Siku moja Kogo alirudi kutoka kanisani na habari. Ng'ambo ya mto kulikuwa na mzee anaitwa Sigei mwenye maksai mwekundu wa kulimia, na ndama wa majirani wote wanazaliwa wekundu.

"Kogo, maksai ni aliyehasiwa," nikamwambia. "Maksai hazalishi."

"Huyo anazalisha."

Tukaenda. Mzee Sigei alikuwa shambani analima, na yule maksai alikuwa upande wa kulia wa nira, mpana, mtulivu, nundu imelala kidogo kwa uzito wake. Mzee alisimamisha plau, akanitazama.

"Si ni wewe ulikuja na lile koleo?" akauliza.

"Inawezekana."

"Ni wewe. Miaka sita imepita. Alikuwa ndama wa mwaka mmoja."

Niliomba ruhusa, nikainama nyuma ya yule mnyama, nikashika. Upande wa kushoto pumbu lilikuwa limesinyaa kama limau lililokauka, jinsi inavyotakiwa. Upande wa kulia lilikuwa zima, gumu, baridi kidogo, jinsi lisivyotakiwa kabisa. Nilitafuta mshipa kwa vidole. Juu yake palikuwa na kovu dogo la koleo, nusu inchi nje ya mahali pake. Siku ile niliibana ngozi tu, nikahesabu polepole, nikaridhika.

Nilikaa pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa uchunguzi.

"Mbona hukuniita nirudie?" nikamuuliza Mzee Sigei.

"Nilitaka. Mke wangu akasema, wacha, kama Mungu ameacha moja, wewe unatafuta nini?"

Kogo Tapsubei alikuwa ameanza kuuliza ukoo. Mzee Sigei alimtajia mama wa dume, nyanya yake, na mama wa nyanya, na boma walikotoka. Kogo alitikisa kichwa kukubali kila jina. Kisha akamwambia mwanawe, "Ni huyu."

Vijana, mtafundishwa kuficha kosa au kulieleza kwa ripoti. Lile langu lilikuwa limesimama mbele yangu linatafuna majani, na lilikuwa dume pekee safi tulilolipata katika kutafuta kwetu kote. Sina ushauri juu ya hilo. Ninawaeleza tu kwamba lilitokea.

Mzee Sigei hakutaka kuuza. Alisema huyo ndiye anayejua mistari ya shamba lake. Bila yeye hakuna mahindi. Kirui akamuuliza, "Na nikikuletea maksai wawili wanaojua kulima?"

"Wanaojua kweli?"

"Wanaojua kweli."

"Walete niwaone."

Kirui hakuwa na maksai, na hakuwa amewahi kufundisha ng'ombe kulima maishani mwake. Alinunua madume wawili wachanga machotara, nikawahasi mwenyewe, pande zote mbili, nikakagua mara tatu. Kwa miezi mitano aliwafundisha kila asubuhi. Kwanza nira tupu, kisha gogo, kisha plau kwenye udongo laini. Walimburuta, wakavunja ua, mmoja akamkanyaga mguu, akachechemea wiki mbili. Alipowapeleka kwa Mzee Sigei, mzee aliwafunga nira mwenyewe, akalima nao mistari sita. Mwisho wa mstari wa sita akafungua kamba ya yule mwekundu, akampa Kirui.

Sasa lazima niwaeleze juu ya Chebet, mke wa Kirui, kwa sababu kwenye ripoti zangu nilikuwa naandika "mfugaji" na kumaanisha mumewe.

Chebet hakuwahi kuwataka wale ng'ombe. Yeye ndiye aliyekuwa akiuza maziwa sokoni Ndanai wakati wa ng'ombe wa gredi, na sasa hakuwa na cha kuuza. Siku moja nilipofika kukagua mimba alinikuta kwenye lango.

"Daktari, hebu niambie. Watoto wangu wanakunywa chai ya rangi katika boma lenye ng'ombe watano. Nikieleza watu, nianzie wapi?"

"Watazaa karibuni, Mama Sheila."

"Watazaa. Na watanipa kikombe. Si ni wewe ulikuwa unasema hivyo kwa baraza?"

"Ni mimi."

"Basi mmoja wenu aliniongopea. Ama wewe wa zamani, ama wewe wa leo."

Aliweka sharti: Kirui anunue jike mmoja wa gredi, awe wake Chebet, na asiguswe na habari za nundu. Kirui alikubali. Boma likawa na ng'ombe wa aina mbili, na kwenye meza ya chakula, nilivyoona, palikuwa na pande mbili vilevile.

Ndama wanne walizaliwa mwaka uliofuata, wote bila kuvutwa. Sikuitwa hata mara moja. Kirui alinipigia simu baada ya kila mmoja kusimama, akasema tu rangi yake na kama ni jike au dume. Maziwa yalikuwa machache, hilo sikuwa nimedanganya, lakini yalikuwa mazito. Kogo aliyaweka kwenye vibuyu vyake na mursik ile ikaanza kuulizwa mpaka Kaplong.

Kisha mvua ndefu zikaja na josho la kijiji likaharibika. Kupe walijaa. Nilizunguka Ndanai wiki tano mfululizo nikitibu ndigana, na katika maboma mengi nilifika nikiwa nimechelewa. Kwa Kirui alishikwa yule wa gredi wa Chebet. Nilimchoma dawa siku ya kwanza, nikarudi siku ya tatu. Siku ya tano alikuwa amelala ubavu, anapumua povu. Chebet alikuwa ameketi karibu na kichwa chake, amemfunika gunia, anamfukuzia nzi kwa tawi. Alipokufa, Chebet aliamka, akakunja gunia vizuri, akalirudisha stoo.

Wale wa nundu walivimba matezi chini ya masikio, wakakataa nyasi siku mbili, wakarudi malishoni. Ndama mmoja alikufa. Nawaambia hilo kwa sababu mtasikia watu wakisema ng'ombe wa zamani hafi. Anakufa. Ila hawafi wote kwa pamoja.

Nilidhani Chebet angesema jambo, hata la kukubali shingo upande. Alianza tu kuamka asubuhi kuwang'oa kupe ng'ombe wa nundu upande wa pili wa boma, akiwa amempa Kirui mgongo.

Mwaka wangu wa mwisho kazini ng'ombe wa nundu walikuwa wamefika kumi na wanne. Watu wawili kutoka Sigowet walikuwa wamechukua ndama madume wakaanze makundi yao. Ndipo Kirui akaanguka. Alikuwa anafunga ua, mkono wa kulia ukakataa, kisha mguu, kisha ulimi. Walimpeleka hospitali, akakaa mwezi, akarudi nyumbani akiwa anatembea kwa fimbo na maneno matatu manne tu mdomoni. Kogo alimlisha kwa kijiko kama zamani alipokuwa mtoto.

Wiki mbili baada ya hapo nilipigiwa simu na shemeji yake Chebet, kaka mkubwa wa Kirui. Alisema familia imekaa, imeamua ng'ombe wauzwe wote. Lori limepatikana la kuwapeleka mnadani. Niende niwakague na kuandika kibali cha kusafirisha mifugo. Hiyo ni kazi ya ofisi. Nilichukua kitabu cha vibali nikaenda.

Lori lilikuwa limesimama langoni, mlango wa nyuma umeshushwa. Kirui alikuwa ameketi kwenye kiti kivulini, fimbo katikati ya magoti. Chebet alikuwa bomani. Nilikagua midomo na kwato za wote kumi na wanne. Walikuwa wazima. Nilifungua kitabu juu ya boneti ya lori, nikaweka karatasi za kaboni, nikaanza kujaza. Idadi. Rangi. Wanakotoka. Wanakokwenda.

"Jina la mwenye mifugo?" nikauliza.

"Reuben Kirui," shemeji akajibu.

Niliandika. Nilipoinua kichwa Chebet alikuwa amesimama karibu yangu, anasoma.

"Daktari, nikuulize," akasema. "Nikiuza hawa, nitanunua nini?"

Shemeji akasema, "Utanunua wa gredi wawili, Mama Sheila. Wa maziwa. Si ndio ulikuwa unataka?"

"Sijakuuliza wewe, baba. Nimeuliza daktari."

"Unaweza kununua wa gredi wawili," nikasema.

"Na atakayewakatia majani ni nani? Mume wangu ni huyo pale. Mama ni mzee. Watoto wako shule. Atakayewaosha kila wiki ni nani?"

"Utahitaji mtu wa kazi."

"Na hawa? Hawa nikifungua lango asubuhi?"

"Wanakwenda. Jioni wanarudi."

Bomani yule mwekundu wa Mzee Sigei alikuwa anajikuna kwenye nguzo. Nilitamani sana kusema neno. Miaka mingi nilikuwa nimewaambia watu wa mahali hapa ng'ombe wa kufuga, mara ya kwanza nikakosea, mara ya pili nikabahatika. Nikaona ni haki nifunge mdomo.

"Sikuwapenda," Chebet akasema, si kwangu hasa. "Hata sasa siwezi kusema nawapenda. Lakini hawa naweza kuwaweza." Akageuka kwa dereva. "Geuza gari."

"Mama Sheila, familia imekaa," shemeji akasema.

"Familia ilikaa mimi nikiwa hospitali na Baba Sheila. Shemeji, karibu unywe maziwa. Gari igeuzwe."

Shemeji alimtazama ndugu yake kivulini. Kirui alikuwa anahangaika na mdomo wake. Tulingoja wote, hata dereva. Neno lilichukua muda, lakini lilipotoka lilisikika.

"Yake," akasema.

Shemeji alikuwa mtu mwema, nataka hilo lieleweke. Alikuwa anaogopa tu kwa niaba ya ndugu yake. Aliingia ndani akanywa maziwa. Lori likaondoka tupu. Chebet akaniita bomani, akataka nimwonyeshe jinsi ya kutambua ndigana kabla ng'ombe hajaacha kula, kwa sababu Kirui ndiye aliyekuwa akijua na sasa hawezi kueleza. Nilichukua mkono wake nikauweka chini ya sikio la jike mweusi.

"Hapa?"

"Chini kidogo. Sasa bonyeza. Hiyo ndogo kama harage ni tezi. Siku ukiikuta imekuwa kama yai, usingoje kesho."

Aliwashika wote kumi na wanne, mmoja baada ya mwingine, masikio yote mawili. Sikumwambia ana mkono mwepesi kuliko wangu, angenishuku.

Kabla ya kuondoka nilikuwa na kazi moja ya ofisi. Kibali kilichoanza kujazwa hakiruhusiwi kung'olewa kitabuni. Lazima kifutwe, na chini kuna mstari wa kueleza kwa nini. Nilikiweka juu ya goti, nikachora mistari miwili, nikaandika IMEFUTWA. Jina la Reuben Kirui nikalikata kwa kalamu, juu yake nikaandika la Chebet, herufi kubwa, nikihakikisha linapita kwenye nakala zote tatu. Na kwenye mstari wa sababu nikaandika: mwenye mifugo amekataa.